Baridi Yabisi ya Farasi

Asubuhi farasi atoka zizini kwa hatua fupi, mwili wake mgumu. Bwana wake adhani ni uvivu, ashika mjeledi. Kumbe mara nyingi ni maumivu ya viungo, na mnyama hana maneno ya kujitetea.

Kiungo kimefanywaje?

Mahali mifupa inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu laini, na katikati mna ute mzito unaolainisha kama mafuta katika mashini. Kazi ya kupita kiasi, ardhi ngumu, ajali, au kwato zilizokatwa vibaya huumiza kiungo. Ndipo huvimba na kupata moto, ute huwa mwepesi, na gegedu huliwa polepole. Gegedu halina mishipa ya damu. Likisha kuharibika, halirudi kuwa kama kwanza. Urithi nao una sehemu yake. Huko Iceland, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha dalili za ugonjwa huu katika vifundo vya miguu ya nyuma vya karibu farasi 3 katika kila 10 waliopigwa picha za eksirei.

Utautambuaje?

Mtazame farasi akienda mwendo wa haraka kidogo. Ikiwa mguu wa mbele unamwuma, huinua kichwa kila unapokanyaga chini. Akisha kutembea kitambo, ugumu hupungua. Jambo hilo lisikudanganye kwamba amepona.

Tufanye nini?

Dawa ya kuuponya kabisa haipo. Ziko za kupunguza maumivu, kama fenilibutazoni. Lakini zitolewe kwa agizo la mganga wa wanyama, na nyama ya farasi aliyepewa dawa hiyo isiliwe na watu. Farasi asinenepe mno. Kwato zake zitengenezwe kila majuma 6 hadi 8. Atembezwe taratibu kila siku, kwani kufungiwa zizini huongeza ugumu.

Lakini mtoto wa farasi akivimba kiungo, mwiteni mganga siku ile ile. Mara nyingi vijidudu vimeingia kwa njia ya kitovu, navyo huharibu kiungo upesi, hata kumwua.

Basi, kila anayemtumikisha mnyama, awe farasi, punda au ng'ombe wa kulima, na ajifunze kusoma hatua zake kabla ya kuinua mjeledi.