Shahidi na Neno Lake (Sehemu ya Tatu): Kanzu ya Kilimani

Ijumaa ya tarehe 9 Februari 2024, tulipotoka msikitini tukaketi kama ada yetu barazani kwa fundi mmoja mshona kanzu hapa Magongo, kando ya barabara ambayo malori ya makontena huipita karibu mno hata vikombe vya kahawa vikagongana vyenyewe katika sinia, hapakuwa na aliyeuliza bei ya samaki wala habari za bandarini. Kila ulimi ulikuwa na hukumu, na kila mwenye hukumu alikuwa ameshaikata zamani, kabla ya jaji kuisoma yake. Asubuhi ile Jaji Grace Nzioka wa Mahakama Kuu, Nairobi, alikuwa amesoma mbele ya kamera za televisheni hukumu ya kesi ya mauaji ya Monica Kimani, iliyokuwa imeahirishwa zaidi ya mara moja: Joseph Irungu, ambaye nchi nzima humwita Jowie, akatiwa hatiani, na Jacque Maribe, mtangazaji mashuhuri aliyekuwa mchumba wake, akaachiliwa.

“Mimi nalimtazama usoni tangu siku ya kwanza,” alisema mzee mmoja mstaafu wa bandari, akimkusudia yule mwanamume. “Mtu mwenye macho makavu vile hana neno la kweli.” Kijana aliyeketi mkabala naye akamjibu kwamba mtu huyo huyo, alipokuwa nje kwa dhamana, aliimba nyimbo za dini, tena kwa sauti ya kupendeza, na moyo uliokwisha kuua hauimbi vile. Ama machozi ya mwanamke ndiyo yaliyoigawa baraza mapande mawili, wengine wakiyaita machozi ya aliyeonewa, wengine wakisema kuwa mtu aliyeishi kwa kutazamwa na kamera ajua wakati wa kulia. Nami, ambaye katika makala mbili zilizotangulia nimeeleza habari za kiapo na namna shahidi anavyohojiwa na mawakili wa pande mbili, nikatambua kwamba katika saa nzima ya mabishano yale, yaliyopandishwa sauti hata wapita njia wakasimama, hapana hata mmoja aliyetaja shahidi. Waliotajwa wote walikuwa washtakiwa, na kilichotajwa katika hao ni nyuso zao.

Na mashahidi hawakuwa wachache. Upande wa Jamhuri ulileta 35, na wengi wao ni watu ambao msomaji hawakumbuki hata kwa sura, kwa kuwa hawakuwa na sura ya kukumbukwa: mabawabu, majirani, wapelelezi, wataalamu wa maabara. Monica Kimani alirejea kutoka Juba siku ya Jumatano, tarehe 19 Septemba 2018, na usiku ule ule akauawa katika nyumba yake ya Lamuria Gardens, mtaa wa Kilimani, lakini hapana aliyesimama kizimbani akasema, “Niliona kisu kikipita.” Kesi nzima ilijengwa kwa ushahidi wa mazingira, yaani vipande vidogo vidogo ambavyo kila kimoja peke yake hakimtii mtu hatiani, lakini vikishonwa pamoja vikakosa mwanya, basi huwa vazi linalomkaa mtu mmoja tu. Nimetumia tashbihi ya ushonaji kwa makusudi, maana kipande kilichozungumzwa zaidi kuliko vyote kilikuwa kanzu.

Mgeni aliyefika Lamuria Gardens usiku ule, kwa ushahidi ulioletwa, alivaa kanzu nyeupe na kofia, na langoni akaandikishwa kwa kitambulisho kisichokuwa chake. Fundi wetu, aliyeichukulia habari hii kama tusi la nafsi yake, aliiacha sindano, akauliza kwa hamaki: “Kanzu ya namna gani? Kaba yake vipi? Ina kishada au haina? Taharizi zake pana au nyembamba? Huyo bawabu asemaye aliona kanzu, aliona nini hasa?” Tukacheka. Lakini suali lile, japo lilitoka katika ghadhabu ya ufundi, ndilo suali la kwanza la maana lililoulizwa alasiri ile, kwa sababu liliacha uso wa mtu likaenda kwenye neno la shahidi na kutaka kujua neno lile limesimama juu ya nini.

Hebu tulipime. Lau mtu angelivaa kanzu nyeupe akapita hapa Magongo mchana wa Ijumaa, saa ya watu kutoka msikitini, kisha bawabu wa ghala lolote akaapa kuwa alimwona “mtu wa kanzu”, wakili hodari angeliubatilisha ushahidi ule kwa pumzi moja, maana watu wa kanzu saa ile ni mamia. Walakini Kilimani, usiku wa Jumatano, katika jumba la ghorofa ambalo wakaaji wake huvaa suruali na koti, kanzu haimfichi mtu, humtangaza. Vazi lililokusudiwa kumsitiri aliyelivaa ndilo lililomfanya bawabu amtazame mara ya pili. Upande wa mashtaka ukaongeza kwamba kanzu hiyo ilichomwa moto huko Langata, katika nyumba ambamo Jowie alikuwa akikaa na mchumba wake. Ndipo mtu akajiuliza, kama nilivyojiuliza mimi: nguo isiyokuwa na habari yachomewa nini?

Hapo ndipo palipo tofauti ya mahakama na baraza. Sharia ya Ushahidi ya Kenya, katika kifungu cha 143, haidai idadi maalumu ya mashahidi kuthibitisha jambo. Mmoja aweza kutosha. Lakini Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya mwaka 1953 ya Abdalla bin Wendo na Sheh bin Mwambere, majina ambayo mtu wa pwani hana haja ya kufasiriwa, iliweka kanuni inayotajwa mahakamani hata leo: kwamba neno la shahidi mmoja aliyemtambua mtu katika hali ngumu, kama giza au haraka au hofu, halikataliwi kwa kuwa ni la mmoja, bali hupimwa kwa uangalifu mkubwa zaidi, na yatakikana liegemee kitu kingine. Ndiyo sababu mahakimu wetu hawachoki kuuliza taa ilikuwa wapi, ukali wake ulikuwaje, shahidi alisimama umbali gani, alitazama kwa muda gani, na je, alimjua mtu yule kabla ya siku ile. Masuali haya huwachosha wasikilizaji. Nimewahi kuketi katika viti vya nyuma vya Mahakama Kuu ya Mombasa nikamwona bibi mmoja akisinzia wakati wakili akiuliza habari za taa kwa mara ya nne, kisha akazinduka shahidi alipolia, akamwambia mwenziwe, “Huyu mkweli.” Taa, ambayo ndiyo iliyokuwa kesi, ilimpita akilala.

Simlaumu sana. Mahakama nayo haikuufungia uso wa shahidi mlango. Katika kesi ya Okeno ya mwaka 1972 mahakama ya rufani yakiri kwamba jaji wa kwanza ana fadhila ambayo wao hawana, nayo ni kumwona shahidi na kumsikia akisema. Na mwaka 1979, katika kesi ya Ndungu Kimanyi, majaji wa rufani walisema, kwa maana yake, kwamba shahidi ambaye mahakama itaegemea neno lake hapasi kuacha katika akili ya mahakama dhana kuwa yeye si mnyofu, au kuwa uaminifu wake una walakini. Kwa hiyo mtu naye hupimwa. Lakini hupimwa kwa aliyoyatenda na aliyoyasema, hasa pale maneno yake ya leo yanapopigana na maandishi aliyoyatia sahihi jana kwa polisi. Hapimwi kwa ukavu wa macho.

Mfano uko katika kesi hii hii. Kulikuwa na jirani wa Maribe ambaye mwanzoni alitiwa mbaroni pamoja naye na Jowie, kisha akaachwa, akaja kizimbani akiwa shahidi wa Jamhuri. Barazani kwetu, kwa wale wachache waliomkumbuka, jambo hilo peke yake lilitosha kumwondoa: mtu aliyeponea tundu la sindano, walisema, atasema lolote analoambiwa. Sharia haiendi mbio hivyo. Hata yule aliyeshiriki katika kosa, ambaye mimi simwiti jirani huyu jina hilo wala hapana aliyemthibitishia, kifungu cha 141 chamruhusu kutoa ushahidi. Ila mahakama kwa desturi hujihadhari naye, na hutafuta neno la mtu mwingine asiyehusika ambalo laweza kulitia nguvu lake. Tuhuma juu ya shahidi ni sababu ya kutafuta zaidi. Kwa watu wa baraza ni sababu ya kufunga kitabu.

Na hapa nitakhalifiana na wenzangu wasemao kuwa kumtazama mtu kwanza ndiyo mila yetu, na kwamba kupima neno ni jambo lililoletwa na Waingereza. Kweli, fikihi waliyohukumia makadhi wa pwani huanza na mtu: shahidi sharti awe adili, na asiyekuwa adili neno lake halifiki hata kwenye mizani. Lakini uadilifu huo haukusomwa usoni. Kadhi asiyemjua shahidi alimtuma mzakii, mtu mwaminifu, kwenda kuuliza kwa siri mtaani kwake, sokoni kwake, kwa walioamana naye mali na kwa waliosafiri naye. Hiyo ndiyo tazkiya, kisha ikafanywa tena dhahiri mbele ya baraza ya hukumu. Ilikuwa kazi ya siku na ya miguu. Tulichobaki nacho leo ni ile hamu ya kumjua mtu kwanza, bila ya mzakii wala ule mwendo wake wa kuuliza mlango kwa mlango.

Pengine pia tumesahau kwamba raia aliwahi kupewa kiti ndani. Katika zama za ukoloni Mzungu aliyeshtakiwa kwa kuua alihukumiwa na baraza la Wazungu wenziwe, kama lile lililomwachilia Sir Jock Delves Broughton mwaka 1941 katika kesi ya kuuawa kwa Lord Erroll. Mwafrika naye alihukumiwa na jaji akiwa na wazee washauri kando yake, ambao walitoa rai yao juu ya mashahidi, na jaji akawa huru kuipuuza. Wazee hao walidumu baada ya uhuru, hata wakaondolewa mwaka 2007. Tangu hapo rai ya mtu wa kawaida juu ya ukweli wa shahidi haina mlango wa kuingilia mahakamani, ikabaki nje, na kitu kilichoachwa nje hukua kama kipendavyo.

Isidhaniwe kwamba watu hukosea daima. Agosti mwaka 2014 msichana wa miaka 14, Kwekwe Mwandaza, alipigwa risasi na polisi nyumbani kwao Kinango, katika Kwale. Askari walisema aliwajia na panga. Pwani nzima ilikataa kulisadiki neno lile, wala haikuwa na taa wala maabara ya kukatalia, ilikataa tu. Mwili ukafukuliwa kwa amri ya mahakama ukachunguzwa upya, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa ikawatia askari wawili hatiani kwa kuua bila kukusudia, kifungo cha miaka saba kila mmoja. Umma na jaji walifika mahali pamoja. Lakini jaji alipitia njia ambayo mtu mwingine aweza kuifuata nyuma yake akaikagua hatua kwa hatua, ndivyo rufani inavyowezekana. Nasi tulifika kwa kuwa tunawajua polisi, na ujuzi huo huo siku nyingine ungaliweza kutufikisha kwa askari asiyekuwa na kosa.

Kwa Maribe jaji alisema neno ambalo barazani halikumpendeza mtu wa upande wowote: kwamba kosa la kuua silo lililomkaa, na kwamba kama lipo la kumjibisha, basi ni la kuwapa polisi habari za uongo, ambalo hakushtakiwa nalo. Waliotaka awe malaika walichukizwa na sehemu ya pili, na waliotaka anyongwe wakachukizwa na ya kwanza. Jowie alihukumiwa kifo tarehe 13 Machi.

Wiki ile ya hukumu nilirudi kwa fundi nikiwa na kanzu mbili mkononi, kwani alikuwa ameapa mbele yetu kuwa kanzu aliyoishona yeye ataijua hata katika giza. Ya kwanza aliigusa tu akasema ni yake, na kweli ni yake. Ya pili aliipekua badani na vikwapa, akaivuta mishono, akainusa hata, kisha akairudisha: “Hii siyo yangu, Maalim. Hii ya duka.” Nikaigeuza kaba, nikamwonyesha kwa ndani ile alama yake ya uzi mwekundu, tone dogo kama punje ya ufuta, ambayo huitia katika kila nguo itokayo mkononi mwake. Aliitazama kwa muda, lori likapita, vikombe vikalia.

“Uzi ni wangu,” alisema. “Mshono si wangu.”