Hukumu ya samadi na amana ya ardhi ya Upare

Mkulima wa milima ya Upare hulima kwenye mteremko. Mvua ikipiga ardhi iliyo wazi, udongo wenye rutuba huteremka na maji. Anayebaki na udongo uliochoka hukimbilia mbolea za viwandani kila msimu, na gharama humlemea. Ilhali sehemu kubwa ya dawa ipo zizini mwake: samadi. Lakini Muislamu ana haki ya kuuliza: kinyesi si najisi?

Kwa madhehebu ya Imam Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, kinyesi cha mnyama yeyote ni najisi. Pamoja na hayo, wanazuoni wake wamejuzisha kurutubishia ardhi, ingawa kwa karaha. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria) ameeleza katika al-Majmu' kuwa mmea ulioota juu ya samadi si najisi kwa dhati yake. Sehemu iliyogusana na samadi hunajisika, na ikioshwa hutoharika. Nafaka itokayo katika shuke ni tohara. Basi mchicha uoshwe vizuri, na mahindi yaliwe bila wasiwasi.

Ama kuuza samadi, Mashafii hawakujuzisha, kwa kuwa ni najisi. Mahanafi wamejuzisha kwa ajili ya manufaa yake. Malik na Ahmad wameona kinyesi cha mnyama aliwaye nyama, kama ng'ombe na mbuzi, ni tohara, hivyo kuuzwa kwake hakuna tatizo. Tofauti hii ni rehema kwa mwenye haja.

Hata hivyo, samadi bila matuta huchukuliwa na maji. Hapa inaingia haki ya jirani. Wapare wa Same tangu zamani wamejenga ndiva, mabwawa yanayokusanya maji ya vijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenye mifereji. Udongo unaoporomoka shambani mwa wa juu huijaza ndiva tope, na wa chini hukosa maji. Kanuni ya sheria yetu ni kuwa madhara huondolewa. Kwa hiyo kujenga matuta ya mawe, kupanda majani kingoni na kuacha mabua yafunike ardhi badala ya kuyachoma si ufundi wa kilimo tu, bali ni kujizuia kumdhuru jirani.

Tunawanasihi maimamu wayaseme haya katika darsa kabla ya vuli na masika.

Wallahu a'lam.