Mvua za kwanza zinapofika kituoni, mzazi yuko wapi?

Kati ya Septemba na Oktoba, kabla tone la kwanza la mvua halijaanguka, miembe ya mjini Kigoma na ya mitaa ya Ujiji huanza kutoa majani mapya. Hayatoki yakiwa ya kijani. Hutoka na wekundu wa shaba, laini, yameinamia chini, na hukaa hivyo siku kadhaa ndipo kijani kikolee. Ukitoka mjini ukaelekea kwenye misitu ya miombo upande wa Uvinza, utakuta mlima mzima umegeuka mwekundu ilhali ardhi yake bado kavu. Rangi hiyo hutokana na kemikali iitwayo anthosianini, ambayo husaidia kulikinga jani changa na jua kali wakati umbijani wake haujakomaa.

Watoto wa Ulaya huujua wekundu wa majani kwa maana nyingine. Kwao ni dalili kwamba jani linakaribia kuanguka na baridi i njiani, na vituo vya kulelea watoto hupanga shughuli nyingi kuzunguka msimu huo. Nchini Ujerumani, wazazi huitwa chekechea waketi kwenye vile viti vidogo, watengeneze pamoja na watoto wao taa za karatasi za kubeba jioni ya Mtakatifu Martin, tarehe 11 Novemba. Taa hizo hatuzihitaji. Kinachofaa kutazamwa ni mzazi aliyeketi kwenye kiti kidogo, gundi mkononi, mtoto akimwelekeza cha kufanya.

Sisi tuna msimu wetu, na una mengi ya kumfundisha mtoto wa miaka 3 au 4 kuliko picha yoyote ya kitabuni. Kiangazi kinaisha, upepo unatulia, mawingu yanaanza kujikusanya juu ya milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa, na mvua zikianza mwishoni mwa Oktoba au Novemba zitaendelea hadi Aprili au Mei. Mlezi akiwapeleka watoto chini ya mwembe na kuwaambia wakusanye majani, kisha wayatenge mekundu, ya kijani na yale makavu ya kahawia, amewapa somo la kutambua, kulinganisha na kupanga. Hesabu huanzia hapo, kabla ya moja, mbili, tatu.

Lakini majani peke yake hayafundishi. Kituo cha Makuzi ya Mtoto cha Chuo Kikuu cha Harvard hukadiria kwamba katika miaka ya mwanzo ya maisha, ubongo hutengeneza miunganiko mipya ya neva zaidi ya milioni moja kila sekunde. Miunganiko inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hupunguzwa. Kinachoitumia zaidi ni mazungumzo ya huku na huku kati ya mtoto na mtu mzima anayemjali. Ni kama mchezo wa kurushiana mpira: mtoto hurusha kwa kunyoosha kidole, kwa mlio au kwa swali, na mkubwa hudaka na kumrudishia. Akisema "hili jekundu!", mama akamjibu "ndiyo, bado changa, liguse uone lilivyo laini", mpira umerudi. Akinyamaziwa kila mara, mtoto huacha kurusha.

Wataalamu huliita jambo hilo malezi yenye mwitikio. Ni mojawapo ya nguzo tano za mwongozo wa malezi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, pamoja na afya bora, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, na fursa za ujifunzaji wa awali. Nguzo hizo hizo ndizo zilizobeba Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, ambayo Tanzania iliizindua Desemba 2021 kwa ajili ya watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka 8.

Ushahidi unaonivutia kuliko mwingine wote unatoka Kingston, Jamaika. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi ya familia zilitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya wa jamii kila wiki kwa miaka miwili. Mhudumu hakuja kumfundisha mtoto huku mama akitazama. Alikuja kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, kwa vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vizibo na mabaki ya nyumbani. Miaka 20 baadaye, watoto wale wakiwa vijana wenye kazi, kipato chao kilikuwa juu kwa asilimia 25 kuliko cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata mpango huo wa michezo, na kikawa kimewafikia majirani ambao hawakuwahi kudumaa. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Kazi ilifanywa na mama, na mhudumu alikuwa mwezeshaji tu.

Ndiyo maana inasikitisha kuona mzazi akiitwa kituoni kwa mambo mawili tu, ada na mahafali. Asubuhi anamshusha mtoto getini, jioni anamchukua, na kati ya hapo hajui mwanawe ameona nini. Wapo wanaosema wazazi wa siku hizi hawajali. Sikubaliani nao. Mara nyingi mkutano umewekwa saa ambayo mzazi hawezi kufika.

Tazama maisha ya Kibirizi au Katonga. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na taa zao, kwa kuwa dagaa hufuata mwanga kwenye giza. Baba anarudi alfajiri, na saa nne asubuhi amelala. Mama yuko mwaloni anaanika dagaa, na msimu wa mvua ndio mgumu kuliko yote: wingu likitanda ni lazima awakusanye haraka, maana dagaa aliyelowa huharibika na mtaji unakwenda naye. Umwite mama huyo kikao cha saa nne, Novemba, kisha umwandike kwamba hakuhudhuria?

Ziwa lenyewe lina kalenda. Mwezi unapokuwa mpevu, dagaa hawavutwi vizuri na taa, na mitumbwi mingi hupumzika siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kumpata baba akiwa macho mchana, na mama akiwa na mzigo mdogo wa kuanika. Kituo kilicho karibu na mwalo kingeweza kupanga siku zake za wazazi kwa mbalamwezi badala ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Hata watoto wanaweza kuuchora mwezi ukutani kila asubuhi jinsi walivyouona usiku, waone unavyojaa, na wajue wenyewe siku ya wazazi inakaribia.

Baba huyo akija, asipewe kiti cha mgeni rasmi. Aje na kipande cha wavu, awaonyeshe watoto fundo linavyofungwa, awaache waingize vidole kwenye matundu na waseme samaki yupi atapita na yupi atanasa. Bibi anayekamua mawese aje na chikichi, watoto waone wekundu wake kabla haujawa mafuta. Wekundu huo ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho na kinga ya mtoto. Embe bivu linayo pia. Mwili huhitaji mafuta kidogo ili kuifyonza, kwa hiyo mboga iliyoungwa kwa mawese inamfaa mtoto kuliko iliyochemshwa tu. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake humpa protini, kalsiamu na chuma. Katika nchi ambayo utafiti wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya 100 wa chini ya miaka 5 wamedumaa, mazungumzo haya mbele ya sufuria ya kituo yana thamani kubwa.

Kisha wanakuja kumbikumbi. Hakuna somo la sayansi linalomsisimua mtoto wa hapa kama hilo. Mchwa wenye mabawa husubiri ndani ya kichuguu mpaka mvua ilainishe udongo, ndipo watoke maelfu kwa pamoja. Hewa yenye unyevu huwazuia kukauka, udongo laini humruhusu malkia mpya kuchimba, na wingi wao huhakikisha kwamba ndege, kuku na watoto wakila vipi, wengine watabaki. Kila babu anajua namna ya kuwakusanya kwa taa na beseni la maji. Akaribishwe aeleze. Wakikaangwa hawahitaji hata mafuta, kwani wana ya kwao, na protini yao ni nyingi.

Mvua hiyo hiyo huleta vidimbwi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Kigoma ndiyo iliyoongoza nchini kwa malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5, takriban mmoja kati ya wanne akiwa na vimelea. Mbu anayeieneza hupenda kutaga kwenye maji madogo yanayopigwa na jua, hata kwenye alama ya kwato. Kwa joto letu, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14. Ukaguzi wa uwanja mara moja kwa wiki, watoto wakiongozwa na mlezi na mzazi mmoja wa zamu, unatosha kukata mzunguko huo kwenye vidimbwi vya hapo. Wakikuta viluwiluwi, wachunguze kwanza: cha mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, cha mbu wa aina ya Culex huning'inia kichwa chini. Halafu dimbwi lifukiwe. Mbu wa malaria huuma zaidi usiku, mtoto akiwa nyumbani, kwa hiyo nusu ya kazi inabaki kwa mzazi: chandarua chenye dawa, na mtoto mwenye homa kupelekwa zahanati akapimwe ndani ya saa 24.

Maji ya mvua za kwanza pia husomba uchafu wa vyoo na kuupeleka visimani na ziwani. Watu wa Kigoma wanakumbuka Mei 2015, kipindupindu kilipozuka Kagunga miongoni mwa wakimbizi kutoka Burundi na wagonjwa wakapita 4,000. Tathmini ya tafiti nyingi iliyotolewa mwaka 2015 na mtandao wa Cochrane ilikuta kwamba kuhimiza kunawa mikono kwa sabuni katika vituo vya watoto na shule hupunguza kuhara kwa karibu asilimia 30. Ndoo yenye bomba na kipande cha sabuni mlangoni ni kazi ya kamati ya wazazi ya wiki moja.

Limebaki jambo la lugha. Nyumba nyingi za Ujiji na pembezoni mwake huzungumza Kiha, Kibembe au Kirundi kabla ya Kiswahili, na bibi wengine hukataa kuja kituoni wakiogopa kuchekwa. Tafiti za watoto wenye lugha mbili zinaonyesha kwamba hawachanganyikiwi. Msamiati wa lugha ya nyumbani huwasaidia kujenga ule wa pili. Bibi asimulie hadithi yake ya mvua kwa Kiha, mlezi aidakie kwa Kiswahili, na jioni getini mzazi aambiwe neno moja tu: leo mtoto wako amesikia kwa nini kumbikumbi hutoka usiku wa mvua, muulize mkiwa njiani.