Kompyuta Kuukuu Iliyogeuka Kinanda

Wahenga walisema, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Nami nilikuwa miongoni mwa hao wapendao kila kipya, nikidhani ya kuwa kompyuta iliyopitwa na wakati haina kazi ila kutupwa. Tangu nijifunze habari za Commodore 64 nimeiacha fikira hiyo, na kwa kuwa wenzangu wengi wangali nayo, nimeona vema niwaeleze jinsi watu wanavyoigeuza mashine hiyo ya zamani kuwa ala ya muziki.

Commodore 64 ilianza kuuzwa huko Marekani mwaka 1982 kwa bei ya dola 595. Umbo lake lilikuwa la kibodi nene, nayo iliunganishwa na televisheni ya nyumbani. Kumbukumbu yake ilikuwa kilobaiti 64 tu, yaani ndogo kuliko picha moja ipigwayo kwa simu za leo. Hata hivyo iliuzwa kwa mamilioni, mpaka ilipoacha kutengenezwa mwaka 1994.

Ndani yake mlikuwamo chipu iitwayo SID, iliyobuniwa na mhandisi Bob Yannes. Kompyuta nyingi za nyumbani za wakati ule zilijua kulia kama kengele ya mlango tu, lakini Yannes alitaka chipu yake ipige muziki wa kweli. Baadaye alikuwa mmoja wa walioanzisha kampuni ya Ensoniq, iliyotengeneza vinanda vya umeme.

Basi, chipu hii hufanyaje kazi? Ina sauti tatu, na kila sauti yaweza kupewa moja ya maumbo manne ya wimbi. Wimbi la pembetatu hulia kwa ulaini kama filimbi. Wimbi la meno ya msumeno hulia kwa ukali kama tarumbeta. La tatu ni la mraba, na upana wake waweza kubadilishwa, sauti ikawa nene au nyembamba. La nne ni mvumo mtupu, kama mvua juu ya bati, nalo hufaa kuigia ngoma. Zaidi ya hayo limo chujio la kupunguza ukali wa sauti.

Mpigaji wa ala hii hapulizi wala havuti uzi, bali huandika namba. Chipu ina visanduku 25 vya kuandikia, na kila kimoja huchukua namba isiyozidi 255. Mathalani, tutake noti ya mitetemo 440 kwa sekunde, ile inayotumika kulinganishia ala. Kwa mashine zilizouzwa Ulaya, tunazidisha 440 kwa 17.03, tunapata 7493. Namba hii ni kubwa mno kwa kisanduku kimoja, kwa hiyo tunaigawanya kwa 256: jibu ni 29, baki ni 69. Ile baki huwekwa katika kisanduku 54272, na lile jibu katika 54273. Kisha kisanduku 54278 hupewa 240 ili sauti idumu, na 54276 hupewa 33, yaani "anza kulia kwa meno ya msumeno." Ukitaka inyamaze, badili 33 iwe 32.

Mimi sina mashine yenyewe. Nilijifunza kwa programu ya bure iitwayo VICE, ambayo huifanya kompyuta ya kawaida iige Commodore 64. Siku ya kwanza niliandika namba zangu zote, nikategea sikio: kimya. Nikarudia kugawanya mara tatu, nikidhani hesabu ndiyo yenye kosa. Kumbe nilikisahau kisanduku 54296, chenye ukubwa wa sauti, ambacho mashine ikiwashwa huwa na sifuri. Nilipokiandikia 15, noti ikalia. Nikazidisha 7493 kwa mbili, na sauti ikapanda oktavu moja kamili. Somo la mitetemo, ambalo nilikuwa nimelikariri kwa ajili ya mtihani, nililielewa siku ile.

Pengine mtauliza, sauti tatu zatosha nini? Watunzi wa muziki wa michezo ya kompyuta, kama Rob Hubbard na Martin Galway wa Uingereza, walijibu swali hilo katika miaka ya 1980. Walipotaka noti tatu zisikike pamoja bila kumaliza sauti zote, waliipa sauti moja noti hizo kwa zamu, wakizibadili hata mara 50 kwa sekunde. Sikio huzichanganya, likadhani ni wapigaji watatu. Mlio huo wa kutetemeka, uliozaliwa na uhaba, ndio upendwao na wanamuziki wengi wa leo.

Siku hizi mpigaji huchomeka nyuma ya mashine kifaa chenye tundu la MIDI, lugha ambayo ala za umeme huzungumza tangu 1983, kisha huunganisha kinanda cha kawaida. Programu huzigeuza noti anazobonyeza kuwa namba za SID. Kampuni ya Elektron ya Sweden iliwahi hata kuzitia chipu hizo katika ala yake, SidStation, lakini ilibidi iache kuitengeneza kwa kuwa chipu zilikwisha.

Hapo ndipo penye jambo zito. Vipo vifaa vya kuiga, lakini chipu asili hazitengenezwi tena, na za toleo la kwanza hutofautiana mlio kama ngoma mbili za fundi mmoja. Kila moja inayoungua ni hasara isiyolipika. Kigeuza umeme cha zamani kikichakaa huweza kupitisha zaidi ya volti 5 na kuziunguza chipu, kwa hiyo yafaa kipimwe kwanza na fundi. Tena toleo la kwanza la SID hutaka volti 12 na toleo la baadaye volti 9. Asiyejua tofauti hiyo akizibadilisha, ataiua aliyotaka kuiponya.

Kwa hiyo, wazazi na walimu wetu, kabla ya kutupa mashine iliyozeeka, tunaomba mtuite kwanza tuiulize inajua nini. Na nyinyi wanafunzi wenzangu, jaribuni zile namba. Msisahau 54296.