Sera ya kichocho, kutoka Geneva hadi mwaloni Mugango

Siku ya kingatiba katika shule za msingi za Musoma, Bunda na Butiama, kifaa muhimu kuliko vyote ni kipande cha ubao chenye mistari. Mtoto anavua viatu, anauegemeza mgongo ubaoni, na mwalimu anatazama utosi wake umefika mstari upi. Kuanzia sentimita 94 hadi 110 ni kidonge kimoja. Akizidi hapo hadi 125, kimoja na nusu. Kijana wa darasa la saba aliyefika sentimita 155 anameza vitatu.

Dawa hiyo ni prazikwanteli na ugonjwa ni kichocho. Dozi yake kitaalamu ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, na kidonge kimoja kina miligramu 600. Kwa hesabu hiyo ingebidi kila shule iwe na mizani, na mwalimu apige hesabu ya kila mtoto huku mamia wengine wakisubiri foleni. Wataalamu walikusanya takwimu za urefu na uzito wa watoto, wakazilinganisha, wakaona kwamba urefu peke yake unatosha kukadiria dozi iliyo salama. Ndipo mistari ikachorwa. Kwangu mimi, ubao ule ndio mfano mzuri wa sera ya kimataifa iliyofikiriwa hadi mwisho: aliyeiandika alijua kwamba atakayeitekeleza ni mwalimu wa darasa la nne mwenye chaki mkononi.

Sera nyingi hazifikiriwi hadi mwisho namna hiyo. Ndiyo sababu nataka tufuate safari ya hii moja, kwa kuwa wakazi wa kando ya Ziwa Victoria huimeza kila inapokuja bila kuambiwa ilianzia wapi na nani aliyeamua.

Ilianzia katika Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), ambao kila Mei huwakutanisha wajumbe wa nchi wanachama Geneva. Mwaka 2001 mkutano huo ulipitisha azimio lililozitaka nchi zenye kichocho na minyoo ya tumbo zihakikishe kwamba, ifikapo 2010, angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari wanapata dawa mara kwa mara. Hapa watu wengi hukosea. Husema "WHO imeamuru." Shirika lile halina uwezo wa kuamuru nchi kumeza kidonge. Mambo machache, kama Kanuni za Afya za Kimataifa, yana nguvu ya kisheria kwa wanachama. Yaliyobaki, yaani maazimio na miongozo, ni ushauri. Uzito wa ushauri huo unatokana na ushahidi uliokusanywa, na pia na ukweli kwamba wafadhili huutazama kabla ya kufungua mifuko yao.

Kutoka Geneva ushauri huo hupitia ofisi ya kanda iliyoko Brazzaville, kisha ofisi ya nchi, halafu Wizara ya Afya. Kazi ya ofisa wa shirika anayesimamia sera katika nchi ni ngumu kuliko inavyodhaniwa. Anakaa kwenye kikundi kazi pamoja na wataalamu wa wizara, watafiti na wadau wenye fedha. Anatakiwa asaidie bila kushika kalamu, maana sera ikiandikwa na mgeni hukosa mwenyewe wa kuitetea bungeni na kwenye bajeti. Rasimu hukadiriwa gharama, hurudishwa, huandikwa upya. Ikishapita inakuwa sehemu ya mkakati. Kwa kichocho na wenzake, yaani usubi, matende na mabusha, trakoma na minyoo ya tumbo, Tanzania iliweka mpango kabambe wa magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele wa kuanzia Julai 2021 hadi Juni 2026.

Dodoma nako safari haijaisha. Wizara ya Afya hutunga sera na miongozo, lakini zahanati na shule za msingi ziko chini ya halmashauri, na halmashauri ziko chini ya Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Mwongozo uliopigwa muhuri Mtumba, mji wa serikali Dodoma, hauna miguu mpaka mganga mkuu wa wilaya auweke kwenye Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri, na fungu lake lionekane kwenye bajeti. Mstari usiopo kwenye mpango huo haupo kabisa, hata kama umeandikwa kwa herufi za dhahabu kwingineko.

Sasa twende majini, kwa sababu hapo ndipo sera hupimwa.

Kichocho cha Ziwa Victoria ni kile cha tumbo. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi cha mgonjwa. Yakifika majini huanguliwa, vibuu hutafuta konokono fulani, huongezeka ndani yake, kisha hutoka kwa maelfu na kupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache tu. Haviulizi kama mtu anaoga, anachota maji, anafua, anavuta kokoro au anaosha dagaa. Miaka ikipita, mayai yaliyonasa kwenye ini huacha makovu, damu inakosa njia, tumbo linajaa maji, na wengine hutapika damu. Watu wa mialoni wanaijua picha hiyo, ingawa mara nyingi hutajiwa majina mengine, la kurogwa likiwemo.

Kidonge huua minyoo iliyokomaa. Minyoo michanga husalimika kwa kiasi kikubwa, na dawa haimkingi mtu asiambukizwe tena. Mtoto wa Mugango, Musoma Vijijini, aliyepimwa ubaoni asubuhi anaweza kuwa majini jioni ileile. Huu si upungufu wa dawa, ambayo imeokoa maini mengi na ni salama. Udhaifu uko kwenye kipimo tulichochagua kujipimia. Azimio la 2001 lilihesabu watoto waliomeza, na nchi ikawa hodari wa kuhesabu watoto waliomeza. Halikuhesabu vyoo vya mwaloni, wala mabomba, wala wavuvi.

Wavuvi ndio walioachwa nyuma muda mrefu zaidi. Msingi wa sera ulikuwa shule kwa sababu shuleni watoto wamekusanyika na mwalimu yupo. Ni hesabu nzuri ya gharama. Lakini kijana wa miaka 25 anayelala mtumbwini kati ya Musoma na visiwani, au mama anayesimama majini hadi magotini kila siku kwa ajili ya dagaa, hawakuwa kwenye rejista yoyote ya shule. Wala mtoto wa miaka mitatu aliyebebwa mgongoni na mama huyo, kisha akateremshwa aogeshwe, hakuwemo.

Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya. Unapendekeza kwamba katika jamii ambamo maambukizi yamefikia asilimia 10 au zaidi, kila mtu kuanzia miaka miwili apewe dawa kila mwaka, watu wazima wakiwemo, na angalau asilimia 75 ya wanaostahili wafikiwe. Unataja pia maji, usafi wa mazingira, udhibiti wa konokono na mabadiliko ya tabia. Kwa watoto wadogo kidonge cha kawaida ni kikubwa na kichungu, hivyo ikatengenezwa dawa mpya ya kuyeyusha kwenye maji, ambayo shirika liliithibitisha ubora wake mwaka 2024. Ni marekebisho ya haki, japo yamechelewa miaka 21.

Ugumu ni kwamba mwongozo umepanuka, mfuko haukupanuka nao. Vidonge vingi barani Afrika hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani tangu 2007, hadi milioni 250 kwa mwaka, na vimelenga hasa watoto wa umri wa shule. Kuvisafirisha hadi kijijini, kuwafundisha wagawa dawa, kuandika taarifa, yote hayo yalitegemea sana fedha za nje. Mwaka 2025 misaada ya shirika la Marekani la USAID iliyokuwa ikibeba kazi hii katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, ilisitishwa, na Marekani ikatangaza kujitoa katika Shirika la Afya Duniani. Shirika lenyewe kwa miaka mingi limepata chini ya moja ya tano ya mapato yake kutoka kwenye ada za wanachama. Sehemu kubwa iliyobaki huja ikiwa imeshapangiwa matumizi na mtoaji. Nchi inayotunga sera huku ikitazama mfuko wa jirani, hutunga sera ya jirani.

Lipo pia jambo dogo ambalo halikuwemo kwenye hesabu za Geneva: uji. Prazikwanteli ikinywewa na mtoto mwenye njaa huweza kumletea kichefuchefu, maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Mwaka 2008 huko Morogoro ugawaji wa dawa mashuleni uligeuka vurugu. Watoto walipatwa na maudhi ya dawa, uvumi ukasambaa kwamba wanauawa au wanafungwa uzazi, wazazi wakavamia shule, polisi wakaitwa. Wazazi wale hawakuwa wajinga. Waliona watoto wao wakitapika baada ya kupewa dawa na watu ambao hawakuja kwanza kuzungumza nao. Tangu hapo inasisitizwa watoto wale kabla ya kumeza na wazazi waelezwe mapema. Basi unga wa uji na sukari vinatoka wapi? Mara nyingi mwalimu mkuu huomba wazazi wachangie. Kidonge kimevuka bahari bure, uji unaokifanya kikae tumboni unachangishwa Butiama. Ningekuwa na uwezo wa kuongeza mstari mmoja tu kwenye bajeti ya kingatiba ya nchi hii, ningeongeza huo.

Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere, inanikumbusha jambo jingine. Mwaka 1973, Mwalimu Nyerere akiwa Rais, nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kujisomea, wakasikiliza redio, wakafungua kijitabu, wakajadiliana kisha wakaenda kufanya kazi. Kichocho kilikuwa mojawapo ya magonjwa yaliyofundishwa, pamoja na malaria, safura na kuhara. Baada ya mjadala watu walichimba vyoo, walifyeka vichaka, walisafisha vyanzo vya maji. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ulioitangazia dunia huduma ya afya ya msingi. Tulikuwa tumeshaanza. Kampeni ile ilikuwa na mapungufu yake, na vyoo vingi vilibomoka bila kujengwa upya, lakini ilimwona mwanakijiji kama mtu anayeweza kuelewa mzunguko wa mnyoo na konokono. Sera ya kidonge humtaka afungue mdomo tu.

Nakiri kwamba ushahidi hauko upande mmoja. Unguja na Pemba, ambako kichocho ni cha mkojo, kati ya 2012 na 2017 ulifanyika utafiti mkubwa: maeneo mengine yalipewa dawa mara mbili kwa mwaka peke yake, mengine yakaongezewa udhibiti wa konokono, mengine elimu ya kubadili tabia. Maambukizi yalishuka, lakini hayakukatika, na nyongeza hizo hazikuonyesha tofauti kubwa iliyotarajiwa. Wapo wanaosema basi tubaki na dawa. Mimi naona kosa katika hoja hiyo. Visiwani maambukizi yalikuwa tayari chini, yamebaki kwenye vidimbwi na mito michache. Mkoani Mara ni ziwa lote, na watu huishi kwa kuliingia. Hapa unayemwambia asiingie majini ni lazima umpe maji mengine.

Ndiyo maana mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama, unaochukua maji ziwani, kuyatibu na kuyapeleka vijijini, kwangu ni sera ya kichocho hata kama nyaraka zake zinasomeka Wizara ya Maji. Chanzo cha Nyabehu kinachoilisha Bunda ni hivyohivyo. Tatizo ni kwamba mhandisi wa maji na mratibu wa magonjwa haya wilayani hukutana kwa nadra. Ripoti ya mmoja inahesabu vituo vya kuchotea, ya mwingine inahesabu vidonge. Hakuna anayeulizwa kama kitongoji kilichopata bomba ndicho chenye kichocho kingi, wala mwalo wenye watu mia tano una matundu mangapi ya choo. Uvuvi nao uko wizara nyingine, na kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kinawajibika huko.

Hapa ndipo ofisa wa sera, wa Geneva au wa Dodoma, anapaswa kupigania kipimo kipya: halmashauri ya ufukweni isihesabiwe imefikia lengo la kichocho kwa vidonge peke yake, bali pia kwa choo kinachotumika na maji safi katika kila mwalo. Mpango kabambe wa 2021 ulipangiwa kumalizika Juni 2026, na unaoufuata ndio mahali pa kuandika hivyo.

Na wewe unayesoma ukiwa Musoma Vijijini, Bunda au Butiama, huhitaji tiketi ya Geneva. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Wakisimama kusoma taarifa ya afya, waulize watoto wangapi walipata uji siku ya dawa, wavuvi wangapi walifikiwa, na choo cha mwaloni kimeandikwa kwenye bajeti ya mwaka gani. Omba jibu liandikwe kwenye muhtasari.