Wajibu wa Idara na Hiari ya Biashara: Sheria ya Tabianchi ya Kenya

Ni nani hasa anayebanwa na sera ya taifa kuhusu mabadiliko ya tabianchi? Sera nyingi hujibu kwamba "wadau wote watashirikishwa", na nyuma ya neno "wote" kila mmoja aweza kujificha. Makala hii yakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya ya mwaka 2016, ambayo ni miongoni mwa sheria za mwanzo za aina yake barani Afrika.

Sheria hiyo iliunda Baraza la Taifa ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Humo wamewekewa nafasi mawaziri kadhaa, mwenyekiti wa Baraza la Magavana, pamoja na wawakilishi wa sekta binafsi na asasi za kiraia. Kumweka Rais kitini si suala la heshima tu. Jambo hili likiachiwa Wizara ya Mazingira peke yake, Hazina na Wizara ya Nishati huliona kuwa ni kazi ya jirani.

Kwa taasisi za umma, lugha ya sheria ni ya amri. Kila idara ya taifa yapaswa kuuingiza mpango wa taifa wa tabianchi katika mikakati yake, kuwa na kitengo chenye watumishi na fedha za kutosha, kumteua ofisa mwandamizi wa kukiongoza, na kutoa taarifa kwa Baraza kila mwaka. Msomaji na azingatie maneno "fedha za kutosha". Ofisa aliyeongezewa cheo hicho juu ya kazi zake nyingine, pasipo fungu katika bajeti, ataandika taarifa nzuri wala hatabadili kitu. Na ofisi za namna hiyo twazijua. Kwa sababu hiyo hatua ya kaunti za Makueni na Wajir ina maana kubwa. Zilijiwekea kisheria kutenga sehemu ya bajeti ya maendeleo kwa ajili ya mfuko wa tabianchi, Makueni asilimia 1 na Wajir asilimia 2, na kamati za wadi zikapewa nafasi ya kupendekeza miradi.

Sheria inapoigeukia biashara, sauti yake hubadilika. Hapo Baraza "laweza" kuziwekea kampuni wajibu kwa njia ya kanuni; maana yake ni kwamba, kanuni zisipotungwa, wajibu haupo. Wapo wanaosema kwamba ndivyo inavyofaa. Sehemu kubwa ya gesi joto ya Kenya hutokana na kilimo, mifugo na ufyekaji wa misitu, na sehemu kubwa ya umeme wake hupatikana kwa mvuke wa ardhini huko Olkaria; ya nini basi kumtwika mwenye duka mzigo? Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye duka. Haina uzito uleule kwa kiwanda cha chai kinachokausha majani kwa kuni, ambacho chategemea mvua na misitu ya milima ileile. Gharama ya tanuri jipya humwangukia mwenye kiwanda leo, ilhali faida yake yagawanyika kwa wote. Kwa hiyo sheria yaruhusu pia vivutio, ingawa kivutio peke yake, kwa maoni yangu, humfikia zaidi yule aliyekwisha kuamua.

Mwaka 2023 sheria ilirekebishwa, na upande mmoja wa biashara ukabanwa kweli: biashara ya hewa ya ukaa. Mradi unaotumia ardhi ya jamii sharti uwe na mkataba wa maendeleo na jamii hiyo, na mgawo wa jamii usipungue asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kwa namna sheria inavyoyakokotoa.

Kisha kuna kifungu cha 23, ambacho wananchi wengi hawakifahamu. Mtu yeyote aweza kumshtaki mbele ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi yule anayedhoofisha juhudi za tabianchi, awe ni idara au kampuni, wala hatakiwi kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara.