Gemu za Zamani Katika Runinga Mpya: Mbona Picha Huharibika, na Itengenezwe Vipi

Likizo ya shule ikifika, makabati hufunguliwa. Katika nyumba za jamaa zetu waliohamia Loresho kutoka Mombasa, Lamu na Malindi, aghalabu huwako katoni moja juu ya kabati ambayo haikutupwa katika kila kuhama. Ndani yake mna mashine ya gemu, padi mbili na nyaya zilizofungwa kwa mpira. Baba hutaka kuwaonyesha wanawe mchezo wa ujana wake. Waya huchomekwa, runinga ya inchi 55 ikawashwa, na picha itokayo ikamtia haya: wachezaji wamenenepa, maandishi hayasomeki, rangi zimechuruzika, na ukibonyeza kitufe mchezaji huruka baada ya kutafakari kwanza. Watoto hucheka, kisha hurejea katika simu zao. Baba naye hutoa hukumu: mashine imezeeka.

Hukumu hiyo aghalabu si ya haki. Mashine hufanya leo yale yale iliyoyafanya siku ilipotoka dukani. Kilichobadilika ni runinga, na runinga mpya haijui kuisoma lugha ya mashine ile.

Wasomaji wa rika langu watazikumbuka runinga za chogo, hasa zile Great Wall za inchi 14 zilizojaa nyumba za Kenya. Miaka ya tisini watoto walizichomekea mashine za kaseti zilizokuwa nakala za Family Computer, mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983. Jamaa zetu wa Maskati na Ghuba kwa jumla wao watazikumbuka kompyuta za Sakhr za Kuwait, zenye baobonye la Kiarabu, ambazo nazo mtoto akizigeuza gemu mara mzazi atokapo. Kisha zikaja PlayStation. Zote hizi ziliundwa kwa ajili ya kioo cha chogo, na hakuna aliyedhani kwamba siku moja zitachomekwa katika kitu chembamba kilichotundikwa ukutani kama saa. Hapa Nairobi mitambo ya analogi ilipozimwa, wengi waliona ndio wakati wa kuiaga ile ya chogo, ijapokuwa king'amuzi peke yake kingetosha.

Sasa tuingie katika kiini. Ndani ya bomba la runinga ya chogo, miale ya elektroni hupiga unga unaong'aa nyuma ya kioo, mstari baada ya mstari, kutoka juu hadi chini. Mfumo tulioutumia Kenya ulikuwa na mistari 625, nayo haikuchorwa yote kwa pamoja. Ilichorwa mistari ya witiri kwanza, kisha ya shufwa, zamu 50 kwa kila sekunde, na jicho likaunganisha zamu mbili zikawa picha moja. Waunda gemu walitumia hila. Mashine zao hazikuwa na nguvu ya kuchora mistari yote, basi ziliiamuru runinga ichore mahali pale pale kila zamu, nusu tu ya mistari, na nafasi za katikati zibaki na kiza. Picha ya Nintendo ile ya kwanza ina nukta 256 kwa upana na 240 kwa urefu, basi. Lakini mng'ao wa unga ule ulizifanya nukta jirani zishikane, na vile viza vyembamba vikaipa picha umbo. Wachoraji walilijua hilo wakachora kwa kulitegemea.

Runinga ya leo haina miale. Ina nukta zilizokwisha pangwa, 1920 kwa 1080, au 3840 kwa 2160 katika zile za 4K. Ikipokea ishara ya mashine ya zamani, mara nyingi hudhani ni zile zamu mbili za witiri na shufwa, ikajaribu kuzisuka pamoja. Husuka kisichotaka kusukwa. Ndiyo maana ukingo wa mchezaji akimbiaye hutoka meno kama kitana, na kivuli chake kinachopepesa huweza kutoweka kabisa. Kisha kuna hesabu. Ukitaka mistari 240 ijaze 1080, kila mstari uzidishwe mara nne na nusu, na nusu ya nukta haipo, kwa hiyo runinga hupaka rangi za kati na picha ikafifia. Ajabu ni kwamba 2160 ni 240 mara tisa kamili. Runinga ya 4K ingeweza kuonyesha gemu ya zamani kwa usafi wa kupendeza, lau hesabu ingefanywa na mwenye kujua.

Haya yote niliyafuatilia kwa sababu ya nyumba moja. Mama mmoja, mzaliwa wa Kibokoni, anaishi Loresho na wanawe watatu. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinunua PlayStation 2 alipokuwa Dubai kikazi, na kwa miaka mingi yeye na wavulana wawili wakubwa walicheza ligi ya mpira ambayo timu zake walizipa majina ya mitaa ya Mji wa Kale. Ligi hiyo imehifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu, kitu kisichozidi kidole gumba. Binti wa mwisho alikuwa mchanga babake alipofariki. Kaka zake walitaka kumwonyesha mchezaji ambaye baba alimpa jina la binti huyo wiki aliyozaliwa, akamweka kuwa nahodha. Kwenye runinga mpya jina lenyewe halikusomeka.

Mama akaenda mjini akauziwa kisanduku cha kubadilisha waya. Kilikuwa kisanduku cha kinyume: kinachukua HDMI na kukitoa kwa nyaya tatu za rangi, ilhali yeye alihitaji kinachochukua nyaya za rangi na kukitoa kwa HDMI. Viwili hivi hufanana kama pacha, na maandishi yake ni madogo. Tafadhali yasome kabla ya kutoa pesa: upande wa kuingilia, ulioandikwa "Input", ndio uwe na matundu ya njano, nyeupe na nyekundu. Fundi aliyeitwa baadaye akasema mashine imekufa, inunuliwe nyingine. "Sheikh," mama akaniambia, "neno hilo nimeshalisikia mara moja katika nyumba hii, sitaki kulisikia tena kwa sababu ya waya."

Mimi si fundi. Ila zamani, baada ya chuo, nilikuwa nikishinda kwa fundi wa redio, na nilichokibakiza ni mazoea ya kuuliza ishara imetoka wapi na imepotelea wapi. Jambo la kwanza tulilolifanya halikuhusu picha kamwe. Tulitafuta kadi ya pili tukanakili kila kilichomo katika ile ya kwanza, maana mashine ile ina matundu mawili ya kadi na katika menyu yake kuna amri ya kunakili. Kadi hizo hazina betri, lakini huharibika, na kiharibikacho humo hakipatikani dukani. Wenye kaseti za zamani zinazohifadhi mchezo wajue kwamba nyingi katika hizo hutegemea betri ndogo iliyo ndani, na betri ikiisha kumbukumbu huenda nayo.

Kisha tukaigeukia runinga yenyewe, kwa rimoti tu, bila ya kutumia hata shilingi. Umbo la picha lilikuwa la kwanza. Gemu za zamani zimechorwa kwa kipimo cha nne kwa tatu, na runinga ya leo ni kumi na sita kwa tisa, basi huzivuta zikajaa na kila mtu akanenepa. Katika menyu ya picha chagua 4:3, uvumilie vipande vyeusi pembeni. Watoto watalalamika kwa dakika tano. Pili, chagua hali ya picha iliyoandikwa "Game". Runinga mpya hupenda kuisafisha na kuipamba picha kabla ya kuionyesha, na upambaji huo hula muda. Ikichelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, hizo ni picha tano nzima zimepita katika mfumo wetu wa 50, na mpira umeshaingia wavuni wakati kipa wako angali anainama. Hali ya "Game" huacha sehemu kubwa ya mapambo hayo. Tatu, punguza ukali wa picha, yaani "Sharpness", karibu na mwisho wa chini, na uzime kila kilichoandikwa kulainisha mwendo au kuondoa chembechembe. Watu huongeza ukali wakidhani ndio uwazi, nao huongeza tu mpaka mweupe kuzunguka kila kitu.

Kuna ugonjwa mwingine ambao hutisha bure: picha kutokea nyeusi na nyeupe. Runinga nyingi sasa hazina tundu la njano. Plagi ya njano huchomekwa katika tundu la kijani linalotumika kwa kazi mbili, na ukisahau kuchagua "AV" runinga huisoma kama ishara nyingine na rangi ikatoweka. Au mashine imetoka Marekani au Japani, inayotumia mfumo wa NTSC, nayo runinga imefungiwa katika PAL. Tafuta mahali pa mfumo wa rangi uweke "Auto". Na kwa mashine za kale kabisa, zenye waya wa antena peke yake, usiagize utafutaji wa chaneli za dijitali. Agiza wa analogi, ikiwa runinga yako ingali nao.

Hatua iliyomponya yule nahodha ilikuwa waya. Waya wa njano hubeba picha nzima, rangi na mwanga vikiwa vimechanganywa katika uzi mmoja, na runinga ikajitahidi kuvitenganisha kama mtu atenganishaye chai na maziwa. PlayStation 2 inaweza kutoa picha kwa nyuzi tatu, kijani, buluu na nyekundu, pamoja na mbili za sauti, na waya wake si ghali. Lakini kabla ya kuubadilisha, ingia kwanza kwa waya wa zamani katika mipangilio ya mashine, penye "Component Video Out", uondoe "RGB" na uweke ile yenye herufi Y mwanzoni. Usipofanya hivyo utapata rangi za ajabu na kudhani umedanganywa dukani. Runinga ya mama ilikuwa na matundu hayo. Jina likasomeka. Binti alikaa karibu mno na kioo, na safari hii hakuna aliyemwambia asogee.

Runinga zisizo na matundu hayo ndizo ngumu, na hapo ndipo watu hupoteza pesa. Visanduku vya bei nafuu vya Luthuli Avenue vyenye kutoa HDMI hufanya kazi, maana picha huonekana, lakini aghalabu hurudia kosa lile lile la witiri na shufwa, huivuta picha ikajaa, na huongeza uchelewaji wao juu ya ule wa runinga. Kwa mtoto anayeonja tu, vyatosha. Vile vilivyoundwa makhususi kwa gemu za zamani, kama OSSC na RetroTINK, huitambua ishara kama ilivyo na kuzidisha mistari kwa haki, hata kurejesha vile viza vyembamba vya zamani. Bei yake ni habari nyingine. RetroTINK ya 4K ilitoka kwa dola 750 kabla ya usafiri na ushuru. Kwa nyumba inayolipa karo sioni kwamba hilo ni jambo la kuzungumzwa. Pesa hizo zikipatikana, zina wenyewe.

Watakaoletewa mashine na jamaa kutoka Marekani au Japani wageuze kwanza nyuma wasome kibandiko. Ikiwa imeandikwa volti 100 au 120 peke yake, umeme wetu wa 240 utaiunguza mara moja, na hapo yule fundi wa "imekufa" atakuwa amesema kweli. Ihitaji transfoma ya kushushia umeme.

Imebaki runinga ya chogo yenyewe, ikiwa ingali stoo. Nami nasema waziwazi: kama inawaka, hakuna kisanduku kitakachoishinda kwa gemu hizi. Haichelewi na haisuki kisichosukwa. Mchezo wa kupiga bata kwa bunduki ya plastiki, uliokuja na nakala nyingi za zile mashine za kaseti, haufanyi kazi kwenye runinga bapa hata ufanye nini, kwa kuwa bunduki ile husubiri mwanga kwa saa barabara ya miale, na runinga bapa haina miale. Mtoto atapiga bata siku nzima na bata atacheka tu.

Lakini iwekwe chini au juu ya meza pana na nzito, kamwe si juu ya kabati la droo. Uzito wake wote uko mbele, na mtoto akipanda droo humwangukia. Na asiifungue mtu asiye fundi, hata ikiwa imechomolewa jana: bomba lile huendeshwa kwa maelfu ya volti, na huweza kubaki na umeme ndani baada ya kuzimwa. Ikiwa imekwisha kabisa, msiwape wauza vyuma chakavu waivunje uani ili watoe shaba, kwa sababu kioo cha bomba kina risasi na vumbi lake hubaki pale pale watoto wachezapo. Hapa Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea taka za elektroniki, na gari la jirani mwenye buti pana litatosha kuifikisha.